Siku Niliyopotewa na Jina Lako

Jenerosa mwanangu,

Mvua imerudi, nami nimejifungia chumbani kabla hamjaniita kula. Mama yako na shangazi yako Leokadia wako jikoni wanakukaangia karanga za njiani, na nakusikia unacheka nao. Sitakuandikia habari za sanduku, wala vyeti, wala namna ya kuishi na wenzako bwenini. Hayo mama yako ameshakwambia mara tatu, na kesho barabarani tukingoja basi atakwambia mara ya nne. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka kumi na miwili, na sikutaka uondoke Nyakahura bila kulijua, hasa kwa kuwa unakwenda kusomea uuguzi.

Nimejaribu kukwambia kwa mdomo. Wiki iliyopita nilikufuata kisimani kwa ajili hiyo hiyo, nikaishia kukuuliza kama ndoo inavuja. Kwa hiyo naandika. Mvua hii juu ya bati inanifanya niwe kama mtu aliye nusu usingizini, na pengine ni vizuri, maana nikiwa macho kabisa huwa siwezi.

Unaikumbuka siku ile ya zahanati. Najua unaikumbuka kwa sababu uliniuliza mara moja, ukiwa darasa la tano, tunapalilia mihogo, nami nikajifanya sikusikia.

Ulikuwa na miaka minane. Mama yako alikuwa amekwenda Shinyanga kwenye msiba wa baba yake, tumebaki wawili. Uliamka na homa kali, midomo imekauka, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati. Foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika dirishani yule binti wa mapokezi akachukua kalamu, akaniuliza bila kuinua macho, "Mgonjwa anaitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Hapakutoka kitu.

Nataka uelewe jinsi ilivyokuwa. Nilikujua. Nilijua ulizaliwa alfajiri ya Jumapili, nilijua kovu lako la goti na mbuzi aliyekuangusha ukalipata. Nilikuwa nasikia joto la shavu lako shingoni mwangu. Ila pale jina linapokaa palikuwa peupe, kama bonde la kwa Bibi kule Ngara asubuhi, ukungu ukiwa umelifunika na unajua chini kuna mto lakini huuoni. Nikatafuta. Nikaona herufi zinapita mbali, hazinijii.

"Baba, mgonjwa anaitwa nani?" yule binti akarudia. Nyuma yangu mtu akacheka kidogo.

Ukainua kichwa begani pangu ukanitazama. Kisha ukamwambia yule binti kwa sauti ndogo iliyokwaruza, "Naitwa Jenerosa Deogratias." Akaandika. Halafu ukanigeukia ukasema, "Baba, umenisahau?"

Sikukujibu. Miaka kumi na miwili hii sijakujibu. Barua hii ndiyo jibu.

Wakati ule nilikuwa dereva wa gari la wagonjwa, kazi hii hii. Niliipenda na bado naipenda. Tulikuwa madereva wawili tukipokezana, mpaka mwenzangu akastaafu. Nikaambiwa analetwa mwingine. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukakaribia kuwa miwili, hajaja. Simu ya kazi ilikuwa moja, kitochi cheusi, na ikilia ni mimi. Mjamzito, mtoto aliyeungua, mzee aliyeanguka, mtu aliyechomwa na pembe ya ng'ombe, wote walipita katika kile kitochi kabla ya kupita katika gari.

Mwanzoni mwili wangu ulinisaidia. Simu ikilia, moyo unaruka, usingizi unakatika, mikono inakuwa myepesi, macho yanaona mbali. Nikadhani huo ndio uhodari. Sikujua kwamba kitu hicho kinatakiwa kiwake halafu kizimike. Changu kikaacha kuzimika.

Nikaanza kusikia simu inalia wakati hailii. Kanisani, katikati ya sala, nashika mfuko. Shambani, nasikia. Maji yakichemka jikoni, nasikia ndani ya sufuria. Chakula kikawa kinanikaa tumboni kama mchanga. Shingo ikakaza upande huu wa kulia, ikawa nikitaka kutazama nyuma nageuka mwili mzima. Asubuhi naamka taya zinauma, na mama yako akaniambia nasaga meno usingizini kama mtu anayetafuna mawe. Jino langu la pembeni, lile ambalo huwa nakwambia nililivunja kwa mfupa wa mbuzi, halikuvunjwa na mfupa.

Nikapima malaria, nikapima sukari, nikapima moyo. Kila mahali wakaniambia sina kitu. Nami kwa kuwa sina kitu, nikaona siumwi, na mtu asiyeumwa analalamikia nini? Nikaanza kunywa pombe ya ndizi jioni ili nipate usingizi. Naam, nilikuwa naanguka na kulala, lakini naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na mdomo una uchungu, na kile kitochi bado kiko chini ya mto.

Hasira nayo ikaja. Sikuwa mtu wa hasira, muulize shangazi yako. Lakini kijiko kikianguka nilikuwa naruka kama nimepigwa, halafu nafoka. Mama yako akajifunza kuzungumza nami kwa maneno machache. Wewe ukajifunza mlango wa nyuma. Ulikuwa ukisikia gari linaingia uani unatoka taratibu unakwenda kucheza kwa jirani. Niliona, Jenerosa. Nilikuwa nakuona mgongo tu, gauni lako la njano linapinda kwenye kona ya jiko.

Kisha ukaanza kukojoa kitandani, wewe uliyekuwa umeacha ukiwa na miaka mitatu. Nami nikakuchapa.

Nilikuchapa mara mbili, siku mbili tofauti, kwa fimbo ya mkaratusi, na mara ya pili hukulia, ulitazama ukuta. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba mtoto akiishi na mtu ambaye mwili wake umekaa tayari kwa hatari saa zote, mwili wa mtoto nao unakaa hivyo hivyo, na unatafuta pa kutokea. Hofu ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu, nikaileta nyumbani, ikapita kwako, halafu nikakuadhibu kwayo. Nisamehe. Sijawahi kukuomba, na nilipaswa kukuomba wakati ule ule ukiwa mdogo, nikiwa nimepiga magoti ili tutazamane.

Sasa nikwambie la kwenye matope.

Ilikuwa miezi kama saba kabla ya siku ile ya zahanati. Mchana, saa nane hivi. Niliitwa kijiji kimoja cha ndani kabisa kumchukua mjamzito aliyeshindwa kujifungua, mwanamke wa Kisukuma aliyeitwa Milembe. Alikuwa na mama mkwe wake, na muuguzi wetu akakaa naye nyuma. Tukiwa njiani kwenda hospitali mvua ikashuka kama iliyokuwa imefungwa mahali. Barabara ikawa uji mwekundu. Tukafika kwenye kibonde kimoja, gari likakaa mpaka milangoni.

Nikachimba. Nikakata matawi nikatandika chini ya matairi, likazidi kuzama. Nikamtuma mtu aliyepita na baiskeli akatafute maksai. Halafu hapakuwa na la kufanya ila kungoja, nikaja dirishani upande wa nyuma, mvua inanipiga, nikamwambia yule mama avumilie, ng'ombe wanakuja.

Akanishika mkono wa shati. "Dereva," akasema, "una watoto?"

"Ninaye mmoja."

"Wa kike?"

"Wa kike."

"Anaitwa nani?"

"Jenerosa."

"Jenelosa," akasema, kwa ulimi wa kwao. Akatabasamu kidogo. "Jina zuri."

Kila uchungu ulipokuja, akawa analitaja. Jenelosa. Jenelosa. Sijui kwa nini. Alikuwa hakujui. Mvua inapiga bati la gari, muuguzi anamwambia asukume, mama mkwe anaomba, na katikati ya hayo yote jina lako linakuja na kupotea, linakuja na kupotea. Mtoto akazaliwa mle mle, wa kike, akalia. Kisha damu ikaanza na haikutaka kusimama. Maksai walikuja wanne, wakalivuta gari likatoka. Wakati linatoka Milembe alikuwa anapumua. Tulipofika hospitali alikuwa hapumui tena. Mtoto alikuwa hai, amelala kifuani kwa bibi yake.

Nikaosha gari. Kesho yake simu ikalia, nikaenda. Hakuna aliyeniuliza kitu, nami sikumwambia mtu yeyote kitu, hata mama yako. Aliniuliza mbona shati limechanika mkono, nikasema limenaswa na mlango. Katika makosa yangu yote ninayokuandikia leo, hilo ndilo kubwa. Yale mengine yote yalitoka humo.

Turudi zahanati. Baada ya kupimwa tuliingia kwa Daktari Koku, yule mama wa Kihaya mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye sasa amestaafu. Alikuandikia dawa, akakupa maji, akakulaza kwenye benchi la ndani. Nikainuka nikusubiri nje. Akasema, "Deo, mtoto ana malaria, atapona. Na wewe?"

"Mimi sina kitu, daktari."

"Nipe mikono."

Nikampa. Akaishika juu ya meza tukaitazama wote wawili inatetemeka.

"Umekunywa?"

"Leo hapana."

"Mara ya mwisho ulilala vizuri lini?"

Nikataka kucheka. Badala ya kucheka nikajikuta nalia, mtu mzima, kofia ya kazi kichwani. Nikamwambia, "Nimesahau jina la mwanangu." Nilidhani atasema nimerogwa, au akili zinaniacha. Nilikuwa nimeshaanza kuamini vyote viwili.

Nilipomaliza akaniuliza, "Wewe ni dereva. Gari limesimama, gia haijaingia, halafu mtu anakanyaga mafuta kutwa nzima. Linakuwaje?"

"Linachemka."

"Linafika wapi?"

"Halifiki popote."

"Basi ndiyo hayo." Akanieleza, bila haraka, watu wanamsubiri nje. Kwamba mwili ukisikia hatari unapeleka nguvu zote kwenye kukimbia au kupigana: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linaacha kazi, usingizi unafukuzwa. Ni msaada mzuri wa saa moja. Ukidumu mwaka mzima unamla mwenye nao. Tumbo linaungua, presha inapanda, homa ndogo ndogo haziishi, na kichwa kinachokesha kikilinda mlango hakipati nafasi ya kutunza vitu vyake. "Hujaharibika akili," akasema. "Umejaa. Na kuna kitu kimekaa juu ya jina la huyu mtoto. Sikulazimishi uniambie. Ila mwambie mtu."

Halafu akanyoosha mkono. Nilidhani ananiaga. Alikuwa anataka simu. Nikaishika mfukoni, nikashindwa kuitoa, unaweza kuamini? Mtu niliyekuwa nimechoka nayo kiasi kile. Akangoja. Nikaiweka juu ya meza, akaifungia kwenye droo, akasema yeye ataongea na wakubwa wangu, watafute gari la kata nyingine, mimi nina wiki tatu za kupumzika.

Kabla sijatoka alinifundisha kitu kimoja. "Vuta pumzi kwa kuhesabu nne. Itoe kwa kuhesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, ndiyo mwili unaelewa kwamba hatari imepita." Niliona ni mchezo wa watoto. Nilifanya mara tano kwa sababu alikuwa ananitazama. Mara ya tano mabega yangu yakashuka, na nilishtuka, kwa kuwa sikuwa najua kwamba yalikuwa juu.

Ulipopata nafuu tukapanda basi kwenda Ngara kwa Bibi, mama yangu, mimi na wewe. Mama yako akatufuata kutoka msibani. Pengine safari ile huikumbuki, ulilala njia nzima. Mimi naikumbuka kama ndoto. Vilima vinainuka kimoja nyuma ya kingine, migomba, wanawake wanatembea pembeni na majembe begani. Tulipita Benaco. Nikiwa kijana wa miaka kumi na minne nilipaona pale milima imefunikwa turubai za wakimbizi mpaka jicho linapoishia, watu wengi kuliko nilivyodhani wapo duniani, na moshi wao. Sasa kulikuwa na malori yamepaki na mama anauza parachichi. Nikafikiri, mahali napo hupumzika.

Bibi alinitazama nikishuka kwenye pikipiki, akasema, "Mwana wanje," mwanangu, basi. Hakuniuliza nimekuja kwa nini. Akanipa ungo wa maharage nichambue mawe.

Nikachambua siku hiyo. Nikachambua kesho yake. Asubuhi nilikuwa naamka kabla ya jua, natoka nje, bonde lote limejaa ukungu na vilima vya Burundi vimeelea juu yake kama visiwa, na kutoka chini upande wa Kabanga zinasikika honi za malori, mbali, kama zinatoka katika nchi ya chini ya maji. Nilikuwa nashuka na ndoo mpaka chemchemi, napanda nayo taratibu. Kile kilima hakimruhusu mtu kupanda na hasira. Pumzi inakutawala, unahesabu mwenyewe bila kuambiwa. Nikawa nakula ndizi na maharage saa ile ile kila siku. Pombe Bibi alininyima. Alisema imeisha, nami nilikuwa naisikia harufu yake.

Kwa siku nyingi niliendelea kusikia simu isiyokuwepo. Nikashika mfuko, mtupu. Nikashika tena.

Siku moja, kama ya tisa, nikamuuliza Bibi kwa nini kila siku maharage, na mengine hayana hata jiwe.

Akasema, "Wakati wa wakimbizi kuna mama alifika hapa. Hakusema neno. Nikamwambia ale, hakula. Nikamwambia alale, hakulala. Nikampa maharage achambue, akachambua. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Siku nyingi, halafu siku moja akaanza kulia, nikajua mikono imemrudisha."

"Akakwambia nini?"

"Mengi. Mimi nilikuwa nachambua upande wangu. Mtu akikutazama usoni maneno mengine hayatoki."

Na yeye macho yake yalikuwa kwenye ungo wake. Basi nikamwambia. Kuhusu matope, maksai, mkono wa shati. Nilimwambia jina lako lilivyokuwa linatajwa mle ndani ya gari, na jinsi tangu siku ile kila nilipokuita nyumbani nilikuwa namsikia yule mama akiitikia. Ndiyo maana, mwanangu. Ndiyo maana nilianza kukuita "wewe," na "mtoto," na "njoo hapa." Hukuona? Miezi saba sikukuita jina. Nililisukuma mbali ili nisisikie, mpaka siku nilipolihitaji halikuwepo.

Bibi akachambua kidogo. Kisha akasema, "Hakuwa anakulaumu. Alikuwa ameshika kitu cha kushika."

Nililala mchana ule mpaka jioni, nikaamka nimelowa jasho, na tumbo lina njaa. Njaa ya kweli, ambayo nilikuwa nimeisahau. Mama yako alipofika nikamwambia na yeye, tukiwa tunatembea kwenye njia ya migomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanipiga konde la bega, akasema, "Miezi saba nilidhani una mwanamke." Tukacheka mpaka tukakaa chini. Sikuwa nimecheka hivyo tangu sijui lini, na unajua, kicheko kile kilinilegeza shingo kuliko dawa zote za kuchua.

Tuliporudi huku nilifanya mambo mawili niliyoyaogopa. La kwanza nilikwenda kwa kina Milembe. Nilipanda baiskeli, sikutaka kwenda na gari. Yule mama mkwe alikuwa anaanika mtama, akanitambua nikiwa bado mbali. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia.

Akasema, "Tumekuwa tukikuulizia. Mwanangu alitaka kukuletea maziwa, akaambiwa dereva hakai mahali pamoja."

"Maziwa ya nini, mama?"

"Wewe si ndiye uliyechimba kwa mikono? Nilikuwa ndani, nilikuwa nakuona." Akaniita nikae. Mtoto alikuwa anatambaa kwenye ngozi ya ng'ombe, ana meno mawili, akaja akashika kamba ya kiatu changu. Nilikaa mpaka jua lilipopoa. Miezi saba nilikuwa nimebeba lawama ambayo hakuna mtu aliyenipa.

La pili, nilikwenda kwa wakubwa wangu nikasema, "Peke yangu siwezi." Maneno matatu, sauti ikanitetemeka kama mtoto anayekwenda ubaoni. Nilidhani watanidharau. Mmoja akasema, "Mbona hukusema mapema?" Dereva wa pili hakuja kesho yake wala mwezi ule, lakini tukapanga siku ambazo kitochi kinakwenda kwa dereva wa kata ya jirani, na mwishowe mwenzangu akaja, huyu huyu Baba Neema unayemjua.

Sikupona kama mtu anavyovua koti. Hata leo mvua ikinikuta kwenye ile barabara nyekundu mabega yanapanda. Tofauti ni kwamba sasa nayajua. Kabla sijawasha gari nafumba macho, nne ndani, sita nje, mara tano. Ndugu za wagonjwa wanadhani nasali. Wakati mwingine nikimaliza mmoja anaitikia "Amina," nami naacha iwe hivyo. Na safari ikiwa imekwenda vibaya, siku hiyo hiyo namwambia Baba Neema au mama yako, kabla sijala. Sijalala na jambo peke yangu tangu wakati ule, au tuseme nimelala nalo mara chache.

Nawe nakujua, Jenerosa. Mimi nilikuwa nafoka, wewe ukizidiwa unanyamaza. Unakula kucha. Kabla ya mtihani wa kidato cha sita ulikaa siku mbili huli, ukasema ni mafua. Sikwambii usiwe hivyo, ni mwili wako na ndivyo unavyoita. Nasema tu uujue mlio wake mapema kuliko nilivyoujua wangu. Kucha zikiisha, chakula kikikataa, ukianza kusahau ulichosoma jana, usijiite mjinga wala mvivu. Lala. Tembea mpaka utoke jasho. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia, na kama kumtazama usoni ni kugumu, tafuteni kazi ya mikono mfanye mkiwa mnaongea. Na siku ikifika ya kusema "siwezi," utasema ukitetemeka, haidhuru.

Utakutana na Milembe wako. Kazi uliyoichagua haina namna ya kumkwepa. Sina la kukufundisha kuhusu siku hiyo yenyewe. Ninalojua ni la kesho yake: usioshe gari ukanyamaza.

Shangazi yako anabisha mlango, chakula tayari. Nimalizie moja ambalo hujui kwamba nalijua.

Ilikuwa kule Ngara, wiki ya mwisho. Nililala kwenye majani nyuma ya nyumba ya Bibi baada ya chakula cha mchana, usingizi mzito, wa kwanza usio na mlio wowote ndani yake. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehama, lingekuwa usoni pangu. Halikuwepo. Ulikuwa umesimama upande wa jua, umeitandaza kanga ya mama yako kwa mikono yote miwili juu ya kichwa, kivuli chake kinaniangukia usoni. Mikono ilikuwa inakutetemeka kwa kuchoka. Sijui ulikuwa umesimama pale kwa muda gani. Uliona nimeamka, ukaninong'oneza, "Lala baba, bado."

Nikafumba macho tena. Sikuwa na usingizi tena, ila nilitaka kukaa chini ya kivuli kile dakika moja zaidi. Mtoto niliyemchapa wiki chache nyuma.

Huko uendako ukichoka, nipigie, au panda basi uje, hata kama ni katikati ya masomo, hata kama utaona aibu. Hutaulizwa kitu mlangoni. Nitakutandikia mahali ulale, nami nitakaa upande wa jua.

Ni mimi,
Baba yako.